Fomu 1040: Historia ya Urahisi Uliozuiwa

Mapema mwaka 1945, Marekani ikiwa bado vitani, mfanyakazi wa kiwandani mjini Detroit aliweza kumalizana na kodi ya mapato kwa karatasi moja tu. Karatasi yenyewe ilikuwa stakabadhi ya makato aliyopewa na mwajiri, ile ambayo hadi leo huitwa W-2. Aliandika majina ya wanaomtegemea, akatia sahihi, akaipeleka kwa mkusanyaji kodi wa wilaya yake. Hesabu iliyobaki ilikuwa kazi ya serikali: kuangalia jedwali, kukokotoa kodi, kisha kumrudishia kilichozidi au kumdai kilichopungua. Sharti kubwa lilikuwa kwamba pato lake liwe chini ya dola 5,000 kwa mwaka na karibu lote liwe la mshahara. Wafanyakazi wengi wa wakati ule walikuwa ndani ya kiwango hicho.

Leo mwajiri hupeleka taarifa za mshahara serikalini kwa mtandao, na benki hupeleka za riba. Hata hivyo, kila mwaka kabla ya Aprili 15, Mmarekani mwenye ajira moja na mshahara mmoja huketi kuiandikia serikali mambo ambayo serikali inayajua tayari, na mara nyingi hulipa fedha ili asaidiwe kuyaandika. Nchi tajiri kuliko zote duniani iliwahi kuwarahisishia watu wake jambo hili, ikaliacha, kisha ikaahidi kulirudisha na kushindwa tena na tena. Kila iliposhindwa, chanzo kilikuwa siasa. Ufundi ulikuwepo tangu enzi za kalamu na karatasi.

Fomu ya matajiri yawa ya wote

Kodi ya mapato ilipoanza haikumgusa mfanyakazi wa kawaida. Marekani iliitoza wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, ikaifuta mwaka 1872. Iliirudisha mwaka 1894, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikaitangua katika kesi ya Pollock. Ilibidi Katiba yenyewe irekebishwe. Marekebisho ya 16 yaliidhinishwa Februari 1913, na Oktoba mwaka huohuo Rais Woodrow Wilson akatia sahihi sheria ya kodi. Kiwango cha kawaida kilikuwa asilimia 1 ya pato linalozidi dola 3,000 kwa asiye na ndoa, au dola 4,000 kwa wenye ndoa, pamoja na nyongeza iliyofika asilimia 6 kwa waliovuka dola 500,000. Fomu 1040 ya kwanza ilikuwa na kurasa nne, maelekezo yakiwemo. Waliowasilisha ritani mwaka ule walikuwa takriban 358,000, katika nchi yenye watu karibu milioni 97. Hao walikuwa na makarani na wanasheria wa kuwashughulikia.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoiteremsha kodi hiyo hadi kwa mvuja jasho. Mwaka 1939 walipakodi walikuwa kama milioni 4. Mwaka 1945 walizidi milioni 40. Wizara ya Fedha ilimwomba hata Walt Disney asaidie, na mwaka 1942 Donald Duck akaonekana kwenye sinema fupi akijaza fomu kwa moyo wa uzalendo. Lakini uzalendo haukumpa mtu akiba. Aliyezoea kupokea mshahara kila wiki na kuumaliza kabla ya wiki inayofuata angetoa wapi kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo? Beardsley Ruml, mweka hazina wa duka la Macy's aliyekuwa pia mwenyekiti wa tawi la New York la benki kuu ya Marekani, alilipigia debe wazo kwamba kodi ikatwe pale pale mshahara unapolipwa. Ndani ya Wizara ya Fedha, mchumi kijana aitwaye Milton Friedman alikuwa miongoni mwa waliobuni namna ya kulitekeleza. Sheria ya makato ilipita Juni 1943.

Uingereza nayo ilianza PAYE, mfumo wake wa kukata kodi kwenye mshahara, Aprili 1944. Waziri wa Fedha aliyeiandaa, Sir Kingsley Wood, alifariki Septemba 1943, siku ileile aliyokuwa aitangaze Bungeni. Waingereza walilenga kwamba mwaka unapoisha, jumla ya makato ilingane na kodi inayodaiwa, ili mwajiriwa asiwe na fomu ya kujaza.

Wamarekani walifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Februari 1944 Rais Franklin Roosevelt alikataa kutia sahihi muswada wa kodi, na mojawapo ya malalamiko yake ilikuwa kwamba wananchi wanaopigana vita vikubwa kuliko vyote hawana hamu ya kusomea hisabati za juu ili wajaze ritani. Wabunge waliupitisha muswada huo bila ridhaa yake, lakini lawama ile iliwachoma. Mwezi Mei wakapitisha sheria nyingine iliyoleta punguzo la jumla kwa kila mlipakodi na kuruhusu stakabadhi ya W-2 iwe ndiyo ritani. Ndipo mfanyakazi wa Detroit akapata karatasi yake moja.

Serikali yajitoa, biashara yaingia

Urahisi huo haukudumu. Mwaka 1948 Bunge liliwaruhusu wanandoa wa nchi nzima kugawana pato katika ritani moja, hatua iliyowapunguzia kodi wengi. Lakini mwajiri anajua mshahara wa mtu wake. Hajui wa mwenzi wake. Baadaye yakaja mafungu mengine ya unafuu, na mwaka 1975 ukaongezwa unafuu kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, ambao hutegemea mtoto anaishi na nani na kwa miezi mingapi. Kila fungu lilikuwa na sababu yake njema na watu wake wa kulitetea. Serikali ilianza kupitishia misaada ya jamii kwenye fomu ya kodi, na mambo ambayo mwajiri wala benki hawawezi kuyajua yakaongezeka. Ugumu huu ni wa kweli, na yeyote anayedai kwamba fomu ya Marekani ingeweza kufutwa kwa usiku mmoja haitazami sheria yenyewe. Hata hivyo, mamilioni ya watu hawana lolote kati ya hayo. Wana mshahara, wana punguzo la jumla, basi.

Mjini Kansas City ndiko ombwe lilikojazwa. Ndugu wawili, Henry na Richard Bloch, walikuwa na ofisi ndogo ya kutunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara. Kujaza fomu za kodi za watu binafsi ilikuwa kazi ya pembeni iliyowachosha, na walikaribia kuiacha. Mteja wao mmoja, muuza matangazo wa gazeti, aliwashawishi watangaze kwanza: ritani yako kwa dola 5. Ilikuwa mwaka 1955, na kwa bahati mwaka huo mamlaka ya kodi, IRS, iliacha kuwajazia wananchi fomu bure katika ofisi yake ya mji huo. Watu wakafurika kwa akina Bloch. Mwaka uliofuata huduma ya bure ilikuwa ikiondolewa New York pia, nao wakafungua ofisi huko. Kampuni yao waliiita H&R Block, wakibadili herufi ili jina lisomeke vizuri. Kwa hiyo biashara hii kubwa ya kujaza ritani ilikulia katika nafasi ambayo serikali yenyewe iliiacha wazi. Baadaye, serikali ilipotaka kuirudia nafasi hiyo, ilikuta ina wenyewe.

Reagan pande mbili

Ronald Reagan anaingia katika historia hii mara mbili. Akiwa gavana wa California alipinga kwa miaka kadhaa jimbo lake kukata kodi kwenye mishahara. Kodi, alisema, inapaswa kuuma. Mtu akiilipa kidogo kidogo bila kuihisi, serikali itazidi kunenepa. Aliapa kwamba miguu yake imejengewa zege katika msimamo huo, na mwaka 1971 hali mbaya ya fedha za jimbo ilipomlazimu kukubali, alitania hadharani kwamba sauti inayosikika ni ya zege likivunjika.

Mei 1985, sasa akiwa rais, alihutubia taifa kuhusu mageuzi ya kodi na kuahidi utaratibu ambao zaidi ya nusu ya Wamarekani wasingelazimika kujaza ritani kabisa. IRS ingepiga hesabu kutokana na taarifa za waajiri na benki, na mtu angeridhia au angepinga. Sheria ya mageuzi ya mwaka 1986 ilishusha viwango na kufuta mianya mingi, lakini ahadi hiyo haikuwemo. Wakati huo Denmark ilikuwa inajiandaa: kuanzia mwaka 1988 ilianza kuwapelekea wananchi ritani zilizokwisha kujazwa. Sweden, Norway, Finland, Estonia, Chile na nyingine zilifuata.

Hoja ya kodi kuuma haikufa. Grover Norquist, mwanzilishi wa jumuiya ya Americans for Tax Reform na mtu aliyewafanya wanasiasa wengi wa Republican watie sahihi kiapo cha kutopandisha kodi, aliipinga ritani iliyojazwa na serikali kila ilipotajwa. Kwake, anayekusanya kodi hapaswi kuwa ndiye anayekokotoa deni, na mwananchi atakayetia sahihi bila kusoma atapandishiwa kodi bila kujua. Hofu hiyo ina uzito. Mtu ana haki ya kutilia shaka hesabu ya anayemdai. Lakini tazama hali ilivyo sasa. IRS huwa imeshapokea taarifa za mshahara na riba ya mtu, na ritani yake ikifika huzilinganisha. Akikosea, hupokea barua ya madai. Hesabu ya serikali ipo tayari. Mwananchi haonyeshwi mapema, ila hupimwa nayo baadaye. Kumtangulizia hesabu hiyo, akiwa huru kuikataa, kungemwongezea nguvu mbele ya mkusanyaji kodi.

Makubaliano ya mwaka 2002

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ya kuisuka upya IRS. Kifungu kimojawapo kiliiagiza Wizara ya Fedha iandae utaratibu wa kutojaza ritani kwa wanaostahili, uanze kwa miaka ya kodi itakayofuata 2007. Agizo lile lipo katika sheria ya nchi, limetiwa sahihi na Rais Clinton, na halikutekelezwa.

Utawala wa George W. Bush nao ulitaka huduma ya bure ya kuwasilisha ritani kwa mtandao. Kampuni za programu za kodi, Intuit yenye TurboTax ikiwa mbele, ziliona hatari na kwenda Washington kujitetea. Oktoba 30, 2002, yalitiwa sahihi makubaliano yaliyozaa mpango wa Free File. Kampuni zingetoa programu bure kwa angalau asilimia 60 ya walipakodi, kiwango kilichopandishwa baadaye hadi 70. Kwa upande wake, IRS iliahidi kutotengeneza huduma yake yenyewe ya bure ya mtandaoni. Kwa maneno mengine, aliyepaswa kumhudumia mwananchi alikubali kujifunga mikono, na ahadi ya bure akaikabidhi kwa wale ambao mapato yao hupungua kila mtu mmoja anapoipata.

Walioitumia Free File walikuwa asilimia chache tu ya waliostahili. Aprili 2019 waandishi wa ProPublica walifichua moja ya sababu: Intuit ilikuwa imeweka msimbo kwenye ukurasa wake wa Free File ulioizuia Google isiuonyeshe, huku matangazo ya neno "bure" yakiwapeleka watu kwenye bidhaa nyingine ya kampuni hiyo ambayo wengi waliishia kuilipia. Mwezi huohuo Baraza la Wawakilishi lilikuwa limepitisha muswada ambao ungeyatia makubaliano ya 2002 ndani ya sheria daima. Habari zile zilipoenea, kifungu hicho kiliondolewa, na mwisho wa mwaka IRS ikafuta ahadi yake ya kutoshindana. Ofisi ya ukaguzi ya Wizara ya Fedha ilikuja kukadiria kwamba katika msimu wa 2019 watu zaidi ya milioni 14 walilipia huduma waliyostahili kuipata bure. Mwaka 2022 Intuit ilikubali kulipa dola milioni 141 kumaliza madai ya majimbo yote 50 na Washington DC.

Profesa na mshawishi wake

Kilichotokea California kinaonyesha vita hivi kwa ukaribu. Mwaka 2005 mamlaka ya kodi ya jimbo hilo ilijaribu mpango ulioitwa ReadyReturn. Ulichagua watu wenye hesabu nyepesi kabisa: wasio na ndoa, wasio na wategemezi, wenye mwajiri mmoja. Mtu alipelekewa ritani iliyokwisha kujazwa kutokana na taarifa za mwajiri. Aliisoma, akaikubali au akaitupa na kujaza yake. Watu wapatao 11,000 waliitumia mwaka huo wa kwanza, na walipoulizwa, zaidi ya asilimia 90 walisema wangeitumia tena.

Joseph Bankman, profesa wa sheria ya kodi katika Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa miongoni mwa waliouasisi mpango huo. Alidhani matokeo yangejisemea. Badala yake alikuta korido za Sacramento zina washawishi wa kampuni za programu, na upande wa mlipakodi mwenye mshahara mdogo hauna hata mmoja. Akatoa dola 30,000 za mfukoni mwake kumwajiri mshawishi. Bunge la jimbo halikukubali mpango uendelee mwaka 2006. Mwaka huohuo Intuit ilitumia karibu dola milioni 1 kumuunga mkono mgombea wa nafasi ya mdhibiti wa fedha wa jimbo aliyeshindana na John Chiang, mtetezi wa ReadyReturn. Chiang alishinda, na mpango ukarudi mwaka uliofuata kwa uamuzi wa mamlaka yenyewe, lakini ulibaki mdogo na usiojulikana na wengi, hadi ulipounganishwa na huduma nyingine ya jimbo.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa jambo. Faida ya ritani rahisi imegawanyika kwa mamilioni, kila mmoja akiokoa saa chache na dola kadhaa. Hakuna anayeandamana kwa ajili ya hicho, na Mei ikifika ameshasahau. Hasara yake inawaangukia wachache ambao kwao ni uhai wa biashara, na hao hawasahau mwezi wowote. Wachache hao wanapoungana na wanaoamini kwa dhati kwamba kodi lazima ihisiwe, wabunge husikia sauti moja tu.

Barua pepe ya Novemba

Sheria ya kupunguza mfumuko wa bei ya Agosti 2022 iliipa IRS dola milioni 15 kuchunguza iwapo inaweza kuendesha huduma yake yenyewe. Uchunguzi ulizaa Direct File. Msimu wa 2024 ilifunguliwa katika majimbo 12. Mtu alijibu maswali mepesi kwenye simu au kompyuta, kwa Kiingereza au Kihispania, na alipokwama aliandikiana na mtumishi wa IRS papo hapo. Ritani 140,803 zilipokelewa, na asilimia 90 ya waliojibu utafiti waliisifu kuwa nzuri sana au juu ya wastani. Mei 2024 ilitangazwa kuwa ya kudumu. Mwaka 2025 ilienea majimbo 25, na ritani zikawa 296,531.

Kudumu huko kulikuwa kwa tamko la utawala, bila sheria nyuma yake. Utawala ulipobadilika Januari 2025, wapinzani hawakuhitaji kura hata moja kuizima. Sheria kubwa ya kodi ya Julai 2025 ilitenga dola milioni 15 kuchunguza jinsi ya kuweka kitu kingine mahali pake, na Novemba mwaka huo IRS iliyaandikia majimbo barua pepe kwamba Direct File haitakuwepo msimu wa 2026. Huduma iliyopendwa na karibu kila aliyeigusa ilifutwa kabla watu wengi hawajasikia kwamba ipo.

Funzo lina njia ya kufika kwetu. Tanzania, mwajiriwa wa mwajiri mmoja asiye na pato jingine hahitajiki kuwasilisha ritani. PAYE iliyokatwa imemaliza kazi, kama Waingereza walivyokusudia mwaka 1944. Ng'ambo ya mpaka, Mkenya aliyekatwa PAYE ileile mwezi hadi mwezi hutakiwa kuingia iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, kabla ya Juni 30 akiwa na P9, fomu ya makato kutoka kwa mwajiri wake, na akichelewa faini huanzia shilingi 2,000. Wengi huenda saiba, yaani vibanda vya intaneti, kulipa wajaziwe. Chimbuko la kodi ni moja, chaguo ni tofauti, na chaguo lolote likikaa muda mrefu hujenga watu wanaolitegemea kwa riziki. Ndivyo ilivyokuwa Kansas City.

Kwa hiyo anayetaka kurahisisha ritani, popote alipo, aanze na mambo mawili ambayo Wamarekani waliyaacha. Kwanza, haki ya kupata huduma ya bure kutoka serikalini iandikwe ndani ya sheria, pamoja na fungu lake la fedha, ili kuiondoa kuhitaji kura za wazi na majina ya waliozipiga. Pili, isianze kwa majaribio ya kificho. Iwafikie wengi haraka, vyama vya wafanyakazi viifahamu, wabunge waisikie majimboni mwao, ili siku ya kuizima ipate watetezi kabla ya barua kuandikwa. Roosevelt alifaulu mwaka 1944 kwa sababu mamilioni ya watu walikuwa wakiuona ugumu wa fomu kwa mara ya kwanza, wote kwa pamoja, na Bunge liliogopa hasira yao. Hasira hiyo imetulia, fomu imezoeleka, na wanaofaidika na ugumu wake wanalijua hilo vizuri kuliko wanaouvumilia.